Maji ya Ndizi ya Mbeba Kengele

Siku hizi wajukuu zangu wakitoka kubeba vyuma vya mazoezi kule Daraja Mbili, mjini Arusha, wananunua juisi, halafu wananiambia, "Bibi, hii inarudisha nguvu." Nawacheka. Kumbe mmegundua leo? Mimi nilimnywesha mdogo wangu maji ya ndizi enzi za Mwingereza, mlimani kwetu Meru, na mwili wake niliuona ukibadilika kwa macho yangu haya.

Mdogo wangu huyo alikuwa ametengwa na kanisa kwa sababu ya pombe. Kwetu Walutheri hilo halikuwa jambo dogo. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kumshtaki mwanawe mbele ya usharika. Baadaye kijana alitubu, akarudishwa kundini, lakini Baba hakumrudishia maneno. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Basi, imekwisha. Tulikuwa tunakula kimya kama watu wa matanga, na mimi roho iliniuma.

Ndipo tukasikia kengele ya kanisa letu jipya inakuja kwa treni. Lori lingeifikisha Kimandolu, chini ya mlima, na kutoka hapo, kwa tope lile, ingepanda mlima kwa mabega ya vijana. Wabebaji walitakiwa wawe na nguvu, na wawe watu wanaoruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana, si waliotengwa. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, nikiibeba ile kengele, Baba ataniangalia."

"Wewe? Wewe utabebwa pamoja nayo!" nikamwambia, maana pombe ilikuwa imemkausha, amebaki mifupa. Nilimtania hivyo, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Akaanza mazoezi. Alfajiri alitoa jiwe mtoni akalipandisha mpaka shambani kwenye kahawa, akalishusha, akalipandisha tena. Siku za mwanzo mikono ilimtetemeka hata tonge halifiki mdomoni. Mapaja yalikaza, akawa anateremka kinyumenyume, sisi tunacheka mpaka machozi. Lakini niliona jasho linamtoka bila kurudishiwa kitu. Nikachukua ndizi zilizoiva mpaka ganda jeusi, nikazikanda kwa majani makavu, nikachuja, nikatia chumvi kidogo. Nikawa namngoja pale anapotua jiwe, anakunywa kabla hajaongea.

Haki ya Mungu, ule mtetemeko ulianza kupungua. Akawa analala usingizi wa kweli. Mabega yakajaa, shingo ikaota sugu, na jiwe lile lile likawa linamchosha kidogo tu, akaenda kutafuta jingine. Ilikuwa ndizi? Au ni chakula na usingizi? Au ni kule kujua kwamba huko juu kuna mtu anamngoja? Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado sijapata jibu. Wazee wa kanisa walipowajaribu vijana kwa gogo zito, mdogo wangu alikuwa wa mwisho kulitua. Baba alikuwepo. Alikohoa tu, akaondoka.

Kengele ilipokaribia kuja, kibuyu changu cha maji ya ndizi kikapasuka. Nikaazima cha shangazi, na shangazi alikuwa mpika pombe, hilo kila mtu alilijua. Nilikiosha jamani! Kwa maji ya moto na mchanga, na asitokee mtu wa kuniita mchafu. Lakini mvua ililichelewesha lori, na maji yangu yakalala humo kando ya moto, leo na kesho yake.

Siku yenyewe, katikati ya mlima, waliitua kengele wapumzike. Mdogo wangu miguu ilikuwa inamcheza. Nikamkimbilia na kibuyu, akagugumia nusu nzima kwa pumzi moja. Halafu akasimama, akanitazama, uso umemgeuka majivu.

"Dada," akanong'ona, "umenipa nini?"

Nikanusa. Loo! Yamechacha, pombe tupu. Kutengwa mara ya pili, mbele ya kengele, mbele ya watu wote! Na Baba alikuwa ameshafika. Alikichukua kibuyu mkononi mwangu, akakinusa, akatuangalia sote wawili. Nilijua amejua.

Mzee mwenzake akaita kutoka kule kwenye kengele, "Mwanao anakunywa nini huko?"

Baba yangu, ambaye tangu abatizwe hakuwahi kugusa pombe, akakiinua kibuyu akanywa. Alikunywa mpaka tone la mwisho. Akajifuta mdomo kwa mkono.

"Maji ya ndizi," akajibu kwa sauti. "Ya binti yangu."

Kisha akamwambia mdogo wangu, "Inuka, tubebe." Akaingiza bega lake la uzee chini ya mti ulioning'inizwa kengele, nyuma ya mwanawe, wakapanda naye mpaka kanisani.

Jumapili kengele ililia kwa mara ya kwanza. Mchungaji alipowaita watu kwenye Meza ya Bwana, mdogo wangu alibaki ameinamisha kichwa, hathubutu kusimama. Baba akamshika begani, pale penye sugu.

"Nenda, mwanangu. Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Mdogo wangu akaenda huku analia. Usharika mzima ulipita mbele yetu kwenda mezani, na Baba, mzee wa kanisa, akabaki ameketi kwenye benchi, mikono magotini.