Sahani ya mujukuu wangu

Wakati ya Zaïre nilidanganya padri kama niliiba sukari.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Dada yangu alikuwa amekufa, silali, sikuli. Kwetu Bukavu, mutu wa kukusikiliza bila haraka alikuwa padri tu, siku ya maungamo.

Lakini pale haukuweza kwenda bila zambi.

"Ulifanya nini, mutoto wangu?"

Huzuni haikuwa zambi. Basi nikasema sukari, nikiwaza kisha ataniuliza nini inaniumiza.

Akanipa rozari moja ya kusali. Nikarudia nyumbani na yote ndani ya roho.

Leo muchana nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Mujukuu wangu, naye kumi na tano, siku hizi anajifungiaka mu chumba, akakuja kusimama nyuma yangu.

"Koko, nilivunja sahani."

Nikamugombeza, sikugeuka hata. Akarudia mu chumba yake.

Nikafungua kabati nione ni gani. Zote ziko nzima.

Niko mbele ya mulango yake tangu saa nane. Nyinyi wenye watoto, munaanzaka na neno gani?