Kiboksi cha Shemeji

Shemeji yangu ni fundi wa redio na televisheni, na mtu aliyenitia hasira kumzidi yeye bado sijamwona. Hatupi kitu. Kuingia karakana yake ni lazima upite ubavu, maana kila kilichokufa mtaani kwetu kwa miaka thelathini kililetwa pale na kikabaki: pasi, redio za kaseti, feni zisizo na mapanga, rimoti gunia zima. Ukimwambia atupe, anakutazama kana kwamba umemwambia amtupe mama mkwe. Kwake hakuna kitu kilichoharibika moja kwa moja, ni suala la kukaa nacho tu.

Na ugonjwa wa dada yangu aliuchukulia hivyohivyo.

Dada, yaani mkewe, alianza kwa kuangusha vikombe. Baadaye akawa anajikwaa sebuleni mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kujikwaa. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba ni maradhi ya mishipa inayoiamrisha misuli. Yangeanza na miguu na mikono, yapande mpaka kwenye sauti na koo, na dawa yake haipo. Akili haitaguswa, akaongeza, na hilo alilisema kama mtu anayetupa habari njema. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza sauti imebakiwa na muda gani. Labda mwaka, daktari akasema, labda pungufu. Shemeji akaitikia kwa kichwa, kama anavyofanya pale mteja anapomwambia anaitaka televisheni yake kabla ya Ijumaa.

Nyumba yao ina vyumba vitatu, mbele kuna ua, na ng'ambo ya ua, ikitazama barabara, ndipo ilipo karakana. Zamani alikuwa akifanya kazi sebuleni, ila moshi wa kulehemu ulimkohoza dada, kwa hiyo meza ikahamia mbele. Dada akiwa amelala chumbani, hawezi tena kunyanyua mkono, alikuwa akiita kupitia dirisha. "Mwenzangu," aliita, maana ndivyo walivyoitana tangu siku za uchumba, "mwenzangu, feni." Shemeji anaweka kila kitu chini, anavuka ua, anawasha feni. Hajamaliza hata waya mmoja, mwenzangu, pazia. Anavuka tena. Na kwa kuwa ameshafika, anakaa pembeni ya kitanda na kumsimulia habari za wateja: yule mama aliyeleta redio akilalamika kwamba inasoma matangazo ya vifo tu, yule mwalimu aliyeleta rimoti mbovu kumbe ni kikokotoo. Dada alicheka mpaka nikawa namwinua akohoe.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nafika kila siku saa kumi jioni, nimetoka kazini, kuja kumwogesha dada na kupika. Nilimwona shemeji akivuka ule ua mara ishirini, thelathini, kazi za watu zimelala mezani, macho yamemwingia ndani. Nikamwambia mimi, kwa mdomo wangu huu, atafute njia, la sivyo atatangulia yeye. Najilaumu mpaka leo.

Njia aliipata kwenye rafu. Kulikuwa na kile kiboksi cheusi ambacho watu huchomeka nyuma ya televisheni ili waone filamu kwa intaneti; mteja alikileta, hakurudi kukichukua. Shemeji alikuwa amesikia kwamba kiboksi cha namna hiyo kikiwekewa programu nyingine kinaweza kuwa mkuu wa nyumba nzima, kikaamrisha taa, feni na mlango kwa kusikia sauti ya mtu. Alikaa nacho miezi miwili. Simu sikioni, daftari mapajani, chakula nakirudisha jikoni kimepoa. Pazia alilifungia mota ya kufutia kioo cha gari. Juu ya mto wa dada akaning'iniza kinasa sauti kidogo, na kila jioni akamsemesha neno moja mara hamsini ili kiboksi kimzoee. Dada alisema taa, taa, taa, mpaka nikawaomba wapumzike.

Siku kilipoanza kazi, majirani walijaa chumbani. Dada akasema, "Washa taa." Kile kiboksi kikajibu kwa sauti ya kike, ya heshima, kama ya wale wanaokaa mapokezi, kikasema "Sawa," na taa ikawaka. Watu wakapiga makofi. Dada alitabasamu huku akimtazama mumewe, na shemeji alikuwa akiitazama taa.

Tangu hapo ikawa hakuna haja ya kuvuka ua. Feni ilijiwasha, pazia likajifungua, televisheni ikabadili stesheni. Shemeji akafunga mlango wa karakana ili moshi usirudi nyuma, akafanya kazi kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Alikuwa akija asubuhi, mchana wakati wa kula, na jioni. Nilimsifu. Niliwaambia hata wateja wangu kwamba dada yangu sasa ni malkia, anaamrisha ukuta na ukuta unatii.

Kazi nyingine ilikuwa ya Jumapili. Kiboksi kiliweka orodha ya kila neno kililoshindwa kulielewa, pamoja na saa na sauti yenyewe, na shemeji alikuwa akiifungua orodha hiyo kwenye televisheni ya chumbani na kuipitia kama daktari. Dada aliposhindwa kusema taa, ikatoka "aa," shemeji alikifundisha kiboksi kwamba "aa" ni taa. Pazia likawa "pa." Feni ikawa pumzi tu inayopita kwenye meno. Kila ugonjwa ulipochukua herufi, yeye alirudi nyuma hatua moja na kukisogeza kiboksi. Alikuwa akijua anashindwa, ila alikuwa anashindwa kwa mpangilio, na hiyo ilimpa nguvu. Yale yasiyofanana na amri yoyote kiboksi chenyewe kiliyatenga kwenye kapu la peke yake: kikohozi, mimi nikiimba jikoni, majirani wakigombana. Kapu hilo shemeji aliliita Kelele. Hakulifungua. Na hakulifuta, kwa sababu hatupi kitu.

Mimi jikoni nilikuwa naisikia ile sauti ya mapokezi. "Samahani, sijaelewa." Kisha tena: "Samahani, sijaelewa." Nilikuwa nacheka na kupaza sauti, rudia polepole, dada, leo kimeamka na uziwi. Nikiingia kumuuliza alitaka nini, ananiambia si kitu, nilikohoa tu. Siku moja nilikuta macho yake yamelowa. Nikamkazania aniambie, nikamwambia nitamwita mumewe sasa hivi.

"Mwache afanye kazi," akasema. "Amehangaika sana na hiki kitu."

Ilimchukua muda mrefu kuimaliza sentensi hiyo, nami nilikuwa na sufuria jikoni. Nikamfuta macho nikaondoka.

Sauti yake iliisha mwezi wa nane. Muuguzi anayekuja mara moja kwa wiki alitufundisha kuzungumza naye kwa kope: akifumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Akatuonya pia, nje, uani, kwamba hata kope zamu yake itafika. Jumapili iliyofuata shemeji alikaa mbele ya televisheni kama kawaida, akafungua orodha, ikawa tupu. Hakukuwa na kosa hata moja la kurekebisha. Nilimwona ameishika rimoti kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Ndipo akapata wazo. Kama kiboksi hakiwezi tena kumsikia dada, basi kimsemee. Angetafuta maneno yake ya zamani yaliyo safi, ayaunge, na kiboksi kiache ile sauti ya mapokezi kizungumze kwa sauti ya mkewe. Alinieleza huku macho yanamng'aa, na mimi, mjinga, moyo ukanidunda. Maneno safi yangetoka wapi? Akalifungua kapu la Kelele.

Nilikuwa nimesimama miguuni mwa dada nikikamua taulo. Kwenye kioo cha televisheni ilijitokeza mistari mingi, mia tatu na kitu. Shemeji akabonyeza wa kwanza kabisa, wa wiki ileile kiboksi kilipoanza kazi. Dada yangu akaongea chumbani mle, sauti nzima, ile aliyokuwa akiniitia kula tulipokuwa wadogo.

"Mwenzangu."

Halafu ile ya heshima: "Samahani, sijaelewa."

Akabonyeza wa pili. Mwenzangu, njoo. Samahani, sijaelewa. Akabonyeza wa kumi, wa hamsini. Saa tatu asubuhi, saa tano, saa tisa, siku kwa siku, saa zote ambazo mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Kikohozi kilikuwemo, na nyimbo zangu za jikoni, na kelele zangu za rudia polepole. Lakini mengi yalikuwa hayo. "Mwenzangu, njoo ukae." Sauti ikizidi kukonda, ngu ikipotea, nza ikipotea, mpaka likabaki "mwe" linalojiburuta, na kila mara kile kiboksi kikiomba radhi. Shemeji alikuwa amekifundisha majina ya vitu vyote vya nyumba ile. Jina lake yeye hakuliweka. Nani angefikiri kuliweka? Alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

Dada alikuwa amelala anasikiliza, macho kwenye dari. Hakuwa na namna ya kuziba masikio.

Nilitaka kumfokea shemeji. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyaweka tangu zamani, lakini nusu yake yalinistahili mimi. Shemeji alizima televisheni, akainama mpaka uso wake ukawa juu ya uso wa dada.

"Ulikuwa unaniita mimi?"

Akafumba mara moja.

Kesho yake aling'oa kila kitu. Kiboksi, kinasa sauti, mota ya pazia, nyaya zote ukutani, akarudisha swichi za kubonyeza kwa kidole. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitupa: alivipeleka jalalani mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akafunga karakana, si mlango tu, karakana yenyewe, na wateja akawaambia wamtafute fundi mwingine. Akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda. Anakaa pale kutwa nzima.

Na hilo nalo limegoma. Kukaa hakumpi shida, shida ni kwamba hana cha kusema. Habari zake zote zilikuwa za karakana, na karakana imefungwa. Haendi popote, haonani na mtu. Wiki ya kwanza alimsimulia dada yale ya zamani. Wiki ya pili akayasimulia tena. Habari hizo anaziweka mkononi kama mtu anayehesabu misumari iliyobaki: mama wa redio ya vifo, mwalimu wa kikokotoo, yule aliyekuta mjusi ndani ya televisheni. Mimi sasa nazijua kwa moyo, pamoja na pale anapotua ili dada acheke. Bado anatua. Feni inazunguka, kisha anaendelea.

Jana nilikuwa namwosha dada miguu. Shemeji alimaliza ile ya mama na redio, akatazama mikono yake, akamwinamia.

"Nimeshakusimulia hii?"

Dada akafumba mara moja.

"Nikusimulie tena?"

Kope zake siku hizi ni nzito, zinachelewa kupanda. Alifumba mara moja, akafumbua. Shemeji akavuta kiti karibu, akaanza: siku hiyo nilikuwa nimekaa zangu mezani, mara akaingia mama mmoja na redio. Ndipo kope zikashuka mara ya pili, polepole, hazikufika hata chini. Niliziona mimi peke yangu. Nilichukua beseni, nikatoka nje kumwaga maji.