Mfuniko Uliobaki Kwangu

Mume wangu alikuwa na meza karibu na mpaka, hapo Tunduma, akiwajazia madereva wa malori fomu zao. Waliojua kuandika wenyewe aliwaazima peni, lakini mfuniko alibaki nao yeye.

"Mzee, huniamini?" dereva mmoja Mzambia alimuuliza.

"Wewe nakuamini. Miguu yako ndiyo siijui."

Peni zake zilikuwa zile za bei ya chini, bomba linaonyesha wino. Alinieleza, mimi niliyeishia darasa la saba, kwamba zina pembe kama penseli ili zisibingirike mezani. Alipokuwa shuleni mifuniko haikuwa na tundu kichwani. Liliongezwa baadaye, ili mtoto akimeza mfuniko pumzi ipate pa kupita.

Alipofariki nilikuta kopo limejaa mifuniko. Peni zake karibu zote zilishavuka kwenda Zambia.

Siku ya kikao cha ukoo, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliandika muhtasari wa kupeleka mahakamani Vwawa: yeye awe msimamizi wa mirathi, nyumba ya Tunduma aichukue, mimi nimekubali kurudi kijijini Msangano kwa mama mkwe. Katikati ya ukurasa peni yake ikagoma.

"Shemeji, nyumba ya mwenye peni inakosaje peni?" akaniuliza. Watu wakacheka.

Nikampa moja iliyokuwa imebaki. Kwa mazoea ya nyumba ile, mfuniko nikabaki nao.

Nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya wifi zangu wawili, na wazee wameketi mlangoni. Niliubana mfuniko kwa midomo. Hewa ilipita kwenye tundu, kidogo kidogo.

"Weka sahihi hapa, shemeji."

"Nyumba tulijenga wote wawili," nikasema.

"Nani amekataa? Wewe saini tu."

Wifi mkubwa akaniinamia. "Usituaibishe mbele ya wazee."

Nikasaini. Majirani huniuliza kama nililazimishwa. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisaini mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Shemeji akakunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na peni, akatoka. Nilimfuata hadi uani nikiwa na mfuniko. Mume wangu angemwita. Mimi nilisimama mpaka akapotea kwenye kona.

Sasa naishi Msangano, chumba cha nyuma. Kopo nilikuja nalo. Mfuniko ule nimeuweka humo pamoja na mingine.