Sonsengnim Wawili wa Butwal

Nirjala Thapa alikuwa amejifunza Kikorea mwaka mmoja na nusu tu alipopewa darasa. Mwalimu wa awali alifaulu mtihani wa kazi akapanda ndege kwenda Korea, na mkuu wa chuo, akiwa hana pa kumpata mwingine, alimwita Nirjala ofisini.

"Herufi si unazijua?"

"Nazijua, sir."

"Basi wanaoanza ni wako. Asubuhi, kabla ya vipindi vya biashara."

Hivyo ndivyo binti wa fundi cherehani wa mji wa Butwal, Nepali, alivyojikuta mbele ya ubao, chaki mkononi, akiwafundisha wanafunzi wenzake, wengine wakubwa kuliko yeye. Walikuja na macho mazito ya usingizi, wananukia chai na dengu za kukaanga. Kila mmoja alikuwa na kaka au mjomba kiwandani Korea, na wote walitaka kumfuata. Walimwita sonsengnim, ndivyo Wakorea wanavyomwita mwalimu, na kila alipoitwa hivyo Nirjala alijisikia amerefuka kidogo. Nyumbani alimlazimisha hata mdogo wake amwite hivyo, mpaka mama yao akasema, "Sonsengnim, osha vyombo."

Junkiri Pun aliingia darasani wiki ya pili, amechelewa, nywele mbichi. Hakuwa ameona herufi ya Kikorea maishani mwake. Nirjala ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha mstari uanzie wapi. Jambo hilo alikuja kulikumbuka mara nyingi baadaye, kwa uchungu: ni mimi niliyemfundisha huyu.

Maana Junkiri alikuwa na sikio la ajabu. Akisikia neno mara moja, alilirudisha kama lilivyo, na kupanda na kushuka kwake. Kufika msimu wa mvua, wenzake walikuwa wanageukia dawati lake badala ya ubao.

"Junkiri, hili linatamkwaje?"

"Muulizeni dada Nirjala, jamani."

"Aa, wewe sema tu. Kwako tunaelewa."

Nirjala alikuwa anafuta ubao. Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi.

Siku moja akaja mgeni, Bi Kang, Mkorea mnene mcheshi aliyekuwa akifundisha lugha yake mjini Kathmandu. Nirjala alikuwa amevaa kurta mpya na kuikariri salamu yake wiki nzima. Akaeleza kuhusu familia yao, kwamba mama yake ana mabinti wawili. Bi Kang akaangua kicheko, akamshika bega.

"Binti yangu, umesema mama yako amezaa miezi miwili, ile ya angani! Neno 'binti' hutamkwa kwa kubana koo kidogo, sikilizeni. Hebu, nani mwingine ajaribu?"

Darasa zima likamtazama Junkiri. Junkiri akasema. Bi Kang akamuuliza kwa Kinepali kibovu, "Wewe umekaa Seoul?"

"Sijavuka hata Bhairahawa hapo jirani, madam."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kijana mmoja wa nyuma, Tilak, akapaza sauti: "Sonsengnim mpya huyo!" Nirjala naye akacheka, kwa meno tu. Alikuwa amewafundisha miezi yote hiyo neno binti kwa kosa, na sasa kila mtu alijua. Kabla ya kuondoka, Bi Kang alimchagua Junkiri akashindane kuhutubia kwa Kikorea kule Kathmandu. Nirjala hakuulizwa hata maoni.

Usiku huo alisukuma sahani yake kando. "Mgonjwa?" mama yake aliuliza. "Nimechoka," alijibu. Angesemaje? Kwamba anamchukia msichana ambaye hajamkosea lolote?

Junkiri, kwa kutojua, alizidi kumwendea. Siku chache kabla ya safari alimletea hotuba yake.

"Dada, kwa kuandika wewe ndiye mkali. Nipitie, tafadhali. Bila wewe nitaaibika."

Hotuba ilimhusu bibi yake, aliyemlea. Ilikuwa nzuri, nzuri ya kuudhi. Katikati Nirjala akaliona kosa. Wakorea, kama Wanepali, wana neno la kula la watu wa kawaida na jingine la heshima, la wakubwa. Junkiri alikuwa ameyabadilisha: bibi yake anakula hivi hivi, yeye mjukuu anakula kama malkia. Kalamu ya Nirjala ikasimama juu ya neno lile.

"Vipi, dada?"

"Iko sawa," alisema, akamrudishia. "Nenda ukashinde."

Siku ya mashindano walitazama kwenye simu ya Tilak, wamejazana kwenye benchi moja. Junkiri alipofika kwenye neno lile, ukumbi mzima ulicheka. Nirjala aliona uso wa mwenzake ukipoteza rangi, akasubiri ile furaha aliyoitazamia. Haikuja. Kisha Junkiri akatabasamu, akasema kwa Kikorea, "Bibi ananidekeza sana, ndiyo maana." Makofi yakalipuka. Akatoka wa pili.

Aliporudi hakupitia kwa marafiki. Alimfuata Nirjala kwenye ngazi za chuo.

"Lile neno uliliona?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nirjala aliumeza.

"Nililiona."

"Ukaniacha?"

"Nilikuonea wivu, Junkiri. Bado ninao wivu huo, hata sasa hivi unavyosimama hapo."

"Bibi yangu alikuwa anatazama," Junkiri alisema. "Ungenitukana tu ningeelewa." Akashuka ngazi, akamwacha.

Nirjala alikwenda kwa mkuu wa chuo kuacha darasa. Mkuu hata hakuinua kichwa. "Nina chumba kimoja na wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni. Gawaneni. Junkiri afundishe kutamka, wewe kuandika. Nimeshaongea naye, amekubali."

"Amekubali?"

"Amesema kwa kuandika hakuna anayekuzidi. Ila ameweka sharti: kazi zake mwenyewe hutazisahihisha tena."

Wakagawana asubuhi. Mwanzoni walipishana mlangoni bila salamu, kisha kwa salamu fupi. Nirjala aliposikia darasa likicheka na Junkiri ndani, moyo bado ulimchoma, na kuna siku alisimama barazani akiomba mwenzake akosee walau mara moja. Lakini alibaki hapo hapo barazani, kipindi hadi kipindi, akisikiliza, na midomo yake ikifuatisha taratibu kila neno Junkiri alilotamka.