Lami ya Mtumbwi Ndani ya Klima

Mapafu ya mke wangu yaliharibiwa na moshi wa kukausha samaki, kazi aliyoifanya tangu usichana wake huku Nchelenge, kando ya ziwa. Hospitali yake iko Mansa. Tukienda na vioo wazi, vumbi na moshi vinamkaba. Tukivifunga, joto linamlegeza. Kwa hiyo nilipiga moyo konde nikaamua kufufua klima, yaani kiyoyozi, ya Mercedes yangu kuukuu, gari lenye umri karibu sawa na ndoa yetu.

Fundi alifungua boneti, akapaka povu la sabuni kwenye mabomba, akatazama linapotoa mapovu.

"Klima haiyakufa, mukubwa. Iko inavuya tu pa joint moya."

Ilitakiwa pete ya mpira ya kuzibia kiungo hicho, kutoka Lusaka. Tuliingoja mpaka nikachoka kuulizia kila basi linalofika. Ndipo kaka yake mke wangu, mtengeneza mitumbwi, alipokuja na kopo lake la lami na pamba.

"Hata mutumbwi yangu moya haiyaingiza maji," alisema. "Ka bomba kadogo hivi katanishinda?"

Fundi mwenyewe alikuwa anavua kwa mtumbwi uliozibwa na mikono ile. Alimwamini, na mimi pia, tukamwacha azibe. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtumbwi unazuia maji kuingia, na klima inazuia gesi kutoka.

Gesi ilipotiwa, baridi ilikuja. Kweli ilikuja! Mke wangu alifumba macho, akavuta pumzi moja ndefu, na kaka yake akalia mbele za watu bila aibu. Akaondoka mbio kwenda kuwatangazia wenzake ufukweni. Hakuwa amefika mbali kompresa inayosukuma gesi ilipomeza lami, ikakwaruza na kukwama. Fundi alisema sasa mfumo wote umechafuka, ni wa kutupwa. Nilipiga boneti ngumi kama mwendawazimu.

"Usimwambie yaya," mke wangu alinisihi, akimaanisha kaka yake. "Alifanya kwa mapendo."

Basi tumekuwa watu wa kuigiza. Kila safari ya Mansa inapita mbele ya karakana yake, naye hutoka na mikono myeusi, akipunga.

"Mufunge mavitre, baridi isitoke inje!"

Mke wangu huvifunga vioo, hutabasamu, jasho likimtiririka mgongoni. Mimi hukanyaga mafuta nifike haraka kwenye kona ya soko la samaki, mahali ambapo kaka yake hawezi kutuona tena, nimfungulie kioo. Namchukia kwa sababu hiyo, na najua hastahili.

Safari ya mwisho tulipita kama kawaida. Alipunga, tukapunga. Nilipovuka kona nikanyoosha mkono kwenye kioo cha upande wa mke wangu. Aliushika, akaurudisha kwenye usukani.

"Acha tu," alisema. "Nimechoka kufunga na kufungua."

Tukaenda hivyo, vioo vimefungwa, na hakuna tena wa kumwigizia.