Mama Anasema Mimi Ndiye Ninayemfungia

Admin, niwekee haya lakini jina langu lisionekane, maana Garsen ni ndogo na wengi wa kwetu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane, mwalimu wa chekechea. Watoto wangu wako shule za bweni, kwa hivyo nyumbani tuko wawili tu, mimi na mama yangu. Mama ni Mpokomo wa Chara, amelima mpunga maisha yake yote. Mafuriko yalipobomoa nyumba yake nilimleta kwangu, na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Mboga anaitia chumvi mara mbili. Anamuulizia baba, na baba tulishamzika zamani. Daktari akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, na utazidi.

Aliposahau jina langu nililia, kisha nikazoea. Kilichonishinda ni kutoka kwake. Mimi nikienda shule, naye huyo njiani. Siku moja alipotea asubuhi nzima, mpaka mfugaji mmoja Muorma akamrudisha amemshika mkono. Alimkuta mtoni, maji yamemfika magotini, anapiga kelele na kurusha udongo.

"Alikuwa anafukuza ndege kwenye mpunga," akaniambia. "Na pale hakuna mpunga, mwalimu. Nikafukuza naye kidogo, halafu nikamwambia, mama, jua limekuwa kali, twende tukapumzike. Akakubali. Lakini pale kuna mamba."

Nikatafuta msichana wa kukaa naye. Wa kwanza mama alimpiga kwa mwiko, akaondoka; wa pili akaolewa. Basi nikanunua kufuli. Kila asubuhi namlisha, namwachia maji na chakula, nafunga mlango kwa nje, naenda kuwaimbisha watoto wa watu. Majirani wanasema hukaa dirishani akiwaita wapita njia: "Nifungulieni! Kuna mwanamke simjui amenifungia!"

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Mombasa. Yeye ndiye aliyesikia habari za nyumba moja huko Malindi inayotunza wazee wenye ugonjwa huu. "Dada, twende na mama tukaione tu," akanisihi. Nilienda nikiwa nimeshaamua kuichukia. Nilikagua vyoo, nikanusa mashuka, nikauliza wanafanyaje mzee akikataa kuoga. "Tunamwacha, tunarudi baadaye," muuguzi akanijibu. Nikauliza nani pale anajua Kipokomo, kwa sababu Kiswahili cha mama kinampotea siku hizi. Akasema kweli, hakuna.

Tulipotoka ofisini tulimkuta mama uani. Geti limefungwa, lakini ndani anatembea atakavyo. Alikuwa ameketi na mhudumu mmoja, binti wa Kigiriama, wanapepeta mchele. Binti anasema Kigiriama, mama anajibu Kipokomo, wote wanacheka. Jamani, sikuwa nimemwona mama akicheka hivyo tangu yale mafuriko.

Wakati wa kuondoka nikamshika mkono. Akauchomoa. Akajificha nyuma ya yule binti, akasema kwa Kiswahili safi, watu wote wakisikia: "Usinirudishe kwa huyu. Huyu ndiye anayenifungia."

Ikabidi binti ndiye ampandishe garini, nami nililia njia nzima mpaka tukafika naye Garsen.

Mdogo wangu anasema mama mwenyewe ameshatoa jibu. Lakini mjomba, kaka yake mama, aliposikia alikuja kutoka Chara na hata chai akaikataa. "Amekusomesha kwa jembe, leo unataka kumpeleka akafie kwa wageni? Nani atamsemesha lugha yake huko?" Nikamwambia, "Basi, mjomba, njoo ukae naye mimi nikiwa shule." Akatazama chini, akasema mashamba yake hayana mtu. Kanisani nako wananong'ona kwamba nimemchoka mama. Wengi wameniletea maneno. Wa kuja kukaa naye hata asubuhi moja sijampata.

Sasa niwaambie ambalo sijamwambia mtu. Mara moja moja, ninapomsuka nywele, mama hurudi. Ananishika shavu, ananiita kwa jina langu la utotoni, ananiambia, "Mbona umekonda, mwanangu?" Kisha kabla sijajibu anakuwa ameshaondoka tena.

Muuguzi amepiga simu, chumba kipo, anataka jibu wiki hii. Nikimbakisha hapa, mama yangu atamaliza siku zake akinijua kama askari jela. Nikimpeleka, najua atacheka. Lakini siku atakayorudi kwa dakika ile moja, akanitafuta kwa jina langu, atakuwa kati ya watu wasiolijua hilo jina, nami nitakuwa mbali.

Mliowahi kuuguza mzazi wa namna hii, msinitukane. Niambieni, ningekuwa dada yenu, mngeniambia nifanye nini?