Benchi la Wazungu

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Changamwe, mchungaji Mwafrika aliongoza ibada yake ya kwanza baada ya mmishenari kurudi kwao Ulaya. Mama mmoja aliingia, akaketi benchi la mbele. Mzee wa kanisa akamjia mbio, kidole mdomoni.

“Mama, hapo ni pa Wazungu.”

“Wako wapi?”

“Hawajaja.”

“Mimi nimekuja.”

Akajisogeza katikati, kisha akapigapiga ubao kwa kiganja.

“Njoo nawe uketi, Mzee. Umelilinda benchi hili miaka yote, hujalikalia hata siku moja.”

Mzee alibaki wima mpaka amina ya mwisho. Tuna kazi, jamani! Mzungu keshapanda meli, nasi tumebaki maaskari wa benchi lake.